Punje Ikilia

Akiba haiozi, walisema,
na waliosema hawakuwahi kulala chumba kimoja na dumuzi.
Mimi nimelala naye. Usiku unamsikia,
krr, krr, ndani ya debe,
kama mtu anayehesabu madeni yake kwa ukucha.

Mwanamvua, tangu tukuzike
nyumba hii ya Ngomeni naisoma kwa vidole.
Hukuacha barua. Uliacha mkaa ukutani,
nyuma ya mlango wa jiko:
mistari saba, mwezi mchanga, samaki mmoja,
na kitu nilichodhani ni jongoo
hadi mjukuu wako Kilua aliponiambia,
"Babu, hiyo ni mvua. Bibi aliichora
mwaka barabara ilipokatika."

Mwaka ule!
Masika ilikuja kama mdai,
ikakaa kibarazani, ikakataa kuaga.
Daraja likaenda na maji,
lori la unga likageuzia Muheza,
dukani kwa Mbwana ikabaki chumvi na betri za redio.
Nami, mwanamume mwenye pesa mfukoni,
nikajifunza kwamba noti haichemki.
Wewe ukapanda darini bila neno.
Ukashusha makopa,
kunde zilizolala kwenye jivu la mwarobaini,
kisamvu kikavu kilichofungwa kwa jani la mgomba,
ng'onda wawili waliokuja kwa baiskeli kutoka Kigombe,
weusi kwa moshi, wagumu kama kandambili.
"Nilikucheka Januari," nikasema.
"Ulicheka tumbo limejaa. Sasa koka moto."

Siku kumi na moja tulikula darini.
Na ile mistari saba, sasa ndiyo naijua:
ni nyumba saba.
Kila nyumba kibaba, usiku, chini ya khanga,
wala hukuniambia.
Nilijua juzi, mke wa Semboja alipoleta mbaazi
akasema, "Narudisha," akaondoka.

Mwaka jana nilivuna peke yangu.
Nikapukuchua, nikaanika siku tatu,
wingu likatokea upande wa Amani, nikaogopa,
nikajaza debe mbio mbio,
nikaziba mfuniko kwa nta ya mshumaa, nikajisifu.
Wiki ya nne: krr.
Vumbi la unga likachuruzika pembeni mwa debe.
Kuku walinenepa mwezi ule.

Sikuijua lugha ya punje.
Aliyeijua ni Kilua, miaka tisa,
kwa kukaa miguuni pako tu:
"Bibi alikuwa anaing'ata.
Ikilia ka, unafunga.
Ikinyamaza ina maji bado, unairudisha juani."

Ipo chupa moja ya ndimu zako rafuni,
chumvi, pilipili, na jua la mwaka wako wa mwisho.
Zimegeuka rangi ya mdalasini.
Wageni wakiitupia macho
nami hujifanya natafuta majani ya chai.
Sijui kama hiyo ni akiba au ni ukaidi.
Maana kila ulichokausha
ulikusudia kiliwe.

Leo jua ni la kaskazi, halina haraka.
Mahindi ya vuli yapo uani, siku ya sita,
mbuzi wa jirani nimemfukuza mara mbili.
Jivu nimelichekecha kwa chekecheke lako,
lile lenye tundu ulilolishona kwa uzi wa katani.
Ukutani nimechora mstari wangu wa kwanza. Umepinda.

Kilua amechuchumaa, ananipa punje moja kiganjani.
Jino la kushoto linauma,
la kulia halipo.
Natumia linalouma.
Nang'ata,
na sote wawili tunatega sikio.