Chupa ya Ibra

Ukitaka kunijua, mie mtu wa Mabela,
usitazame nyama, usitazame maziwa.
Fungua friji utazame mlangoni.

Rafu ya juu, pilipili ya ukwaju.
Naipika mwenyewe, Ijumaa ya mwanzo wa mwezi,
kwa kitunguu thomu, bizari ya pilau iliyokaangwa,
na sukari kiasi ambacho sijamwambia mtu.
Ubavuni mwake siki ya tende, nyeusi kama wino,
anayoniletea Bi Thureya wa nyumba ya pili
kila akitaka kuazima kitu.
Sosi ya tomato ni ya wajukuu.
Wanaitia hata kwenye biriani,
nami natazama ukuta.

Rafu ya kati, asali ya tende ndani ya chupa ya maji ya waridi,
maji ya waridi ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi
(msinicheke, chupa situpi),
ndimu kavu zinazolia kama njuga ukizitikisa,
na chatini ya nazi ya jana,
ambayo kesho si chatini tena, ni kesi.

Rafu ya chini, nyuma, pasipofika taa,
pana chupa moja ya mdomo mpana.
Achari ya ndimu.
Kila ndimu imechanjwa nne na haikuachana,
mafuta yamepanda juu, pilipili imetulia chini.
Hiyo ni ya Ghaniya. Mke mwenzangu.

Miaka kumi na tisa Hilal alikwenda na kurudi,
wiki kwangu, wiki Ibra,
na kila msimu wa ndimu alirudi na chupa,
akaiweka mezani kimya
kama mtu anayerudisha funguo za gari la watu.
Sikuuliza. Pilipili usiyoila yakuwashiani?
Ndivyo nilivyosema mbele za watu.
Usiku, nyumba ikishalala,
nimesimama miguu mitupu kwenye mwanga wa friji,
namega ndimu kwa vidole,
chumvi inanichoma ufa wa kidole gumba,
na nakiri, Mola wangu, mbele ya kiyoyozi kinachonguruma:
huyu mwanamke ana mkono.

Nilijaribu kumwiga. Misimu mitatu.
Nilianika dirishani, nikaanika juu ya boneti
la gari la mwanangu, Julai, saa saba mchana.
Mara ikatoka chungu, mara ikaota ukungu.
Kumtuma Hilal akaulize? Afadhali ningekula chumvi kavu.

Kisha Hilal akaondoka. Kifua, siku mbili, Jumanne.
Tukakaa eda kila mtu kwake.
Nikasema, basi, na achari nayo imekufa.
Ile ya mwisho nikawa naila kwa hesabu,
robo ndimu kwa wiki, kwa wali na nguru,
nikiogopa sauti ya kijiko kugusa chini.

Juzi, kengele.
Kijana wa teksi, gari kaliacha katikati ya njia.
"Mzigo wako, mama. Kutoka Ibra."
Chupa. Kifuniko kimefungwa kwa nailoni
na mpira wa nywele wa zambarau.
Hakuna barua. Hakuna salamu.
Ndimu zimechanjwa nne, hazikuachana.

Chombo cha watu hakirudi kitupu.
Mama yangu, aliyelisahau jina langu mwishoni,
hilo hakulisahau.
Basi leo nimeiosha chupa ya zamani, nimeianika,
nimeijaza pilipili ya ukwaju mpaka shingoni.
Nimekaa na kalamu. Kwenye kibandiko nimeandika:
Tikisa kwanza.
Nikanyanyuka, nikafuta meza iliyokwisha futwa, nikarudi,
nikaongeza chini yake kwa herufi ndogo:
Sukari, kijiko kimoja na nusu.