Tope Lenye Cheti

Chupa imekuja kwa ndege, imevikwa pamba,
ndani yake gramu hamsini za tope.
Tope! Sisi tulio na Makupa, tulio na Kibarani,
tumeagiza tope ng'ambo, tukalilipia ushuru.
Karani wa forodha aliigeuza chupa, akaisoma, akanitazama:
"Dada, hili si tope tu?"
Ni tope tu. Lakini lina cheti.

Limekaushwa, limesagwa, limechekechwa
likawa laini kuliko wanja.
Maabara kumi na nne, watu wasiojuana kwa sura,
walilipima kila mmoja kivyake
wakakubaliana: naftalini, mia na kumi na mbili,
ongeza tisa au punguza tisa.
Hiyo tisa ndiyo niliyoipenda.
Mkweli hutaja alijualo, kisha hutaja na asilolijua.

Baba aliuza mchele Guraya.
Mawe ya mizani yake yalikuwa ya shaba,
ila lile la ratili lilikuwa na tundu chini,
limezibwa kwa nta.
Nililipindua nikitafuta pa kuficha peremende.
Sikumwambia mtu. Tangu siku hiyo
nikiona mizani huinama, nikachungulia chini ya jiwe.

Jumatatu. Kizingo, orofa ya pili.
Umeme umekatika mara mbili kabla ya saa nne.
Napima tope letu la Kibarani, na mara hii
nalipanga lile la ng'ambo kando yake,
kiyeyushi kilekile, bomba lilelile, mkono uleule.
Mashine inanguruma, inachora vilima vyake.
Nasubiri mia na kumi na mbili.
Inanipa sabini na nane.

Narudia. Sabini na tisa.
Naosha kila kitu, narudia. Sabini na saba.

Tope halikupungua.
Aliyepungua ni mimi.

Naftalini ni ileile ya vidonge vyeupe
alivyotia mama sandukuni kati ya leso zake za arusi:
ukiiacha wazi huondoka bila kuaga.
Nami nilikuwa nakausha kwa pupa,
nikiuwahi umeme kabla haujazimika,
na katika kila kumi, tatu zilipaa dirishani
zikaenda zao upande wa Likoni,
huku nikiandika zilizobaki,
nikipiga muhuri.

Miezi mitatu ya mihuri.
Ripoti iko kaunti. Ripoti ilisomwa kwa kipaza sauti
mbele ya kina mama wanaobandua chaza
kwenye mizizi ya mikoko,
na Kadzo Nyevu, mwenye ndoo ya bluu, aliniuliza
mimi, si daktari, mimi:
"Kwa hivyo tule?"
Nikasema, kuleni.

Nta. Chini ya jiwe, nta.

Nampigia Daktari Mwakio. Kimya kirefu;
nyuma yake nasikia mtoto akikataa uji.
"Una hakika?" Nimerudia mara tatu.
"Watatucheka." Watatucheka.
"Na pesa za mradi je?" Sijibu.
Kisha: "Andika barua. Nitatia sahihi chini ya yako."

Usiku huo natoa kwenye jokofu debe la tope la Tudor,
naanza kulianika, kulisaga, kulichekecha.
Halina cheti. Litachukua mwaka, pengine miwili.
Lakini litanuka kwetu, na siku mkono ukiteleza
litatusuta kwa lugha yetu.

Alhamisi namkuta Kadzo Makupa, magoti matopeni.
Namwambia yote: pupa, dirisha, tatu katika kumi.
Hapigi kelele. Anafuta kisu kwenye leso.
"Sasa ni ngapi?"
Namtajia. Namtajia na ile tisa.
Anaitazama ndoo, ananitazama,
anamwaga nusu,
nusu anaibakisha.