Waridi Chini ya Masizi

Mtaka cha mvunguni sharti ainame,
nami magoti yangu yameapa hayainami tena,
basi nalivuta boksi kwa mpini wa ufagio
mpaka kichwa cha treni kitoke,
kizito kama mkate wa juzi,
kikinuka mafuta ya cherehani.

Bwana Hartzell amevaa glovu nyeupe.
Ametoka Harrisburg na tochi, na lenzi, na bahasha nene.
Anavijua vyote:
kile cha bati cha babu, cha kutiwa ufunguo,
kilichokuwa kikizunguka mara nne na nusu
halafu kikachoka mbele ya mguu wa meza;
kile cha kaka yangu Cyril, chenye filimbi kwenye behewa la makaa,
kinachomeza kidonge na kutema moshi.
Amevipita kama mtu mwenye haraka anavyosalimu majirani.
Anakitaka hiki.

Anakwaruza kwa ukucha, chini ya bomba, taratibu.
"Unaona?"
Naona. Nimekuwa nikiona tangu mwaka hamsini na saba.
Waridi.

Kiwanda kiliwaza hivi: wasichana nao wanataka treni,
basi tuwape yenye rangi ya pipi,
behewa moja la buluu ya kitoto, jingine la manjano ya siagi.
Mama aliinunua kwa mkopo wa wiki kumi na mbili.
Nilikuwa na miaka tisa. Nilichana karatasi
nikalia, tena kwa hasira,
maana treni za kweli nilizijua.
Kila jioni nilimpelekea baba chakula
kwenye lango la karakana ya Altoona,
na zilikuwa nyeusi, weusi wa sufuria, weusi wenye jasho.
Hakuna hata moja iliyojipaka poda.

Baba hakunikemea.
Alikuwa fundi wa boila, na mwezi ule walikuwa wamemwambia
dizeli haina boila.
Usiku nilisikia kopo likibanduliwa kifuniko jikoni.
Kopo la karakana, lililobaki robo,
na brashi ya nyusi aliyoiazima kwa mama bila kumwambia.
Alipaka kama alivyopaka zile za tani mia mbili:
tumbo kwanza, kisha bomba, kisha kengele.
Chini ya dirisha la dereva akaandika namba,
si ya kiwanda. Yake.
Asubuhi kilikuwa juu ya gazeti, hakijakauka,
na kidole changu kingali kimechapwa ubavuni,
hapa, tazama, mistari yote ipo.

"Kuna dawa," anasema Bwana Hartzell, "inaondoa nyeusi
bila kuigusa waridi. Siku mbili tu.
Kitakuwa kama kilivyotoka kiwandani."
Anataja bei.
Namwomba airudie, kwa raha ya kuisikia.
Inatosha paa jipya, na magoti yote mawili.

Namimina kahawa.
Napanga reli juu ya zulia kwa kijiti na subira,
natia plagi. Harufu ya cheche inatangulia,
kisha kinasita, kinakohoa,
kinaondoka.

Kwenye kona taa inakipiga ubavu
na ule mkwaruzo wake unang'aa kidogo,
kama ncha ya ulimi.
Bwana Hartzell amevua glovu. Amepiga magoti,
shavu karibu na reli, kama wanavyofanya wote,
na anaisoma ile namba kwa sauti,
anaisoma tena kikipita mara ya pili,
wala haniulizi kitu.