Kifungu cha Thelathini na Mbili

Leo asubuhi nimekufunga vifungo vya koti,
vitano, kuanzia chini, kama ulivyonifundisha mwenyewe
ili kisibaki kimoja kikitafuta tundu lake.
Ukaniuliza, kwa adabu unayowawekea wageni,
kama mimi ndiye dereva.
Ndiyo, nikasema. Twende, bibi.

Tramu ilinuka sufu iliyolowa.
Nje, Helsinki ilikuwa haijaamua kama bado ni usiku.
Ulihesabu vituo kwa sauti: moja, mbili, nne, nne,
na mtoto wa shule akakusahihisha
bila kuinua macho kwenye simu yake.

Irja, wewe uliyejumlisha safu nzima kwa kupepesa,
miaka thelathini na mmoja Wizara ya Fedha!
Watafiti walikuogopa kuliko mkaguzi.
Walikuja na picha za ubongo, chungwa na buluu,
wakakueleza jinsi sahau inavyoingia mtu
kama maji chini ya sakafu, polepole, huku kapeti likingali kavu.
Nawe ukawauliza swali moja tu:
Mtamaliza lini?
Wakasema hawajui.
Ukaishika penseli nyekundu.

Usiku ule ulinisimulia ukimenya viazi.
"Nimekifuta kifungu cha thelathini na mbili.
Wazee wanaosahau wanaweza kusubiri.
Barabara ya kaskazini haiwezi."
Nami nikakubali.
Naomba iandikwe kwenye kumbukumbu: nilikubali.
Mjomba wangu aliishi Kemi. Barabara ile tuliipenda,
tuliipita kila kiangazi na chupa ya kahawa katikati yetu.

Sasa tumeketi mbele ya kamati.
Wabunge kumi na saba; mmoja anamenya danzi chini ya meza
na harufu yake inatufikia sote.
Profesa Lumme amepewa dakika nne.
Hakuleta picha. Amesema lipo jokofu,
ndani yake damu ya watu mia sita, miaka kumi na minane,
wengine wamekwisha kufa wakiamini bado wanasaidia,
na umeme wa jokofu umelipiwa hadi Juni.
Hayo tu. Akanywa maji.

Mwenyekiti akavua miwani:
"Lakini, Profesa, mtamaliza lini?"

Nilikutazama. Nilidhani utashtuka
kulisikia swali lako likirudi na sauti ya mtu mwingine.
Ulikuwa unakunja kitambaa, pembe kwa pembe.

Zamu yangu ilipofika nilikuwa na ukurasa mzima.
Nikasoma mistari miwili, herufi zikaogelea,
nikasema basi: huyu ni mke wangu, alifanya kazi yenu,
na aliifanya vizuri.
Mtu mmoja akakohoa.

Hapo ndipo ulipofungua mkoba, ukatoa penseli.
Sikujua bado unayo.
Ukaivuta bajeti iliyokuwa mezani,
kidole kikashuka taratibu, ishirini na nane, thelathini,
kikasimama.
Chumba kizima kilinyamaza, hata danzi lilinyamaza.

Mstari juu ya maneno ni kufuta.
Mstari chini yake ni kulinda.
Ndivyo ulivyoniambia zamani, nami nikacheka
kwamba uhai wa watu hukaa kwenye unene wa herufi.
Mkono wako ulitetemeka, Irja.
Mstari ulianzia chini, ukapanda, ukapita katikati, ukashuka,
na karani akaitazama karatasi ile muda mrefu
kabla ya kusema, asante sana, bibi.

Watapiga kura Alhamisi.

Kwenye kituo cha tramu theluji ilianza, nyembamba kama chumvi.
Ulinisimamisha, ukanikazia macho,
macho yale ya ghorofa ya tatu yaliyoona kila senti.
"Dereva," ukasema, "umeruka kifungo."
Ukavua glavu zako
ukanifunga.