Kata

Duka letu liko Ibra, nyuma ya soko la Jumatano,
kati ya muuza betri na muuza halwa.
Tunashona kanzu za Kiomani, zisizo kola, zenye shada shingoni,
na nusu ya wateja, wakishavua viatu mlangoni,
Kiarabu hukiacha hapo hapo:
"Fundi, mkono usiwe mrefu, nisije nikafutia mchuzi."

Shafikuli wa Komila, meza ya pili,
akaona mazungumzo yanampita.
Akanunua daftari la baisa mia mbili.
"Ustadhi Kibwana, nipe neno moja, dogo, la kazi."
Nikainua mkasi. Nikampa *kata*.

Rahisi, akasema. Kata kitambaa. Kata uzi.
Akalifunga daftari.
                         Lifungue, nikamwambia,

maana Bi Rayya kaingia na joto lake la saa saba
kaomba maji akate kiu,
na Shafikuli kautazama mkasi, kamtazama bibi kooni.
Nje, mjukuu kakata kona vibaya, kagonga pipa.
Umeme ukakatika.
Maalim Humudi, mwenye duka, mzaliwa wa Wete,
akawapigia watu wa umeme; wakamkatia simu.
Ukurasa ukajaa kabla ya alasiri.

Jioni, mbele ya wali: "Ustadhi, nimekata njaa."
Hapana. Njaa haikatwi.
"Kiu inakatwa, njaa haikatwi, kwa nini?"
Sikuwa na jibu. Nimezaliwa Pangani nikalikuta hivyo,
kama mtu anavyoukuta mlango wa babu yake
unafungukia nje.

Halafu ile kanzu ya bwana harusi wa Mudhairib:
bega likatoka fupi, kidole kizima.
Riali kumi na tano zikakatwa kwenye mshahara.
"Hilo nalo?"
Hilo nalo.
Akaliandika, kalamu ikatoboa karatasi.
Nikataka kumpoza: wahenga wamesema, kata pua uunge wajihi.
Akaishika pua yake, akacheka kidogo,
akarudi kufumua bega.

Alhamisi, simu ya Komila ilimkuta na pini mdomoni.
Akazitema kiganjani, moja moja.
Mtandao ukakata, ukarudi, ukakata.
Akakaa juu ya mtumba wa vitambaa tusioruhusiwa kuukalia
na Maalim Humudi akajifanya anahesabu vifungo.
"Ustadhi. Kwenu, baba akifika mwisho, mnasemaje?"
Lilikuwepo *amefariki*, neno la adabu, limepigwa pasi.
Lakini aliniuliza kama fundi.
Amekata roho, nikamwambia.
Daftari lilikuwa mezani, kalamu juu yake.
Hakuligusa.

Usiku ule alikata shauri, asubuhi akakata tiketi,
Maskati hadi Daka, ya kwenda tu.
Zile riali kumi na tano Maalim akazirudisha
ndani ya bahasha isiyoandikwa kitu,
na hakuna aliyelitafutia hilo neno.

Alfajiri, boksi lake: blanketi, maziwa ya unga,
mkasi aliokuja nao miaka tisa nyuma.
Kituo cha basi kiko mbali, teksi zimelala.
Nikapiga magoti chini ya meza,
nikazoa vipande vilivyoanguka wiki nzima,
vyeupe, vya kijivu, kimoja cha bega lile fupi,
nikavisokota, nikavizungusha, nikafunga duara.
"Nini hii?"
Kata.
Akanitazama kama mtu anayetaniwa msibani.
Nikamwekea utosini, nikampandishia boksi.
Akasimama sawa. Akapiga hatua, ya pili, boksi limetulia.

Mama alibebea mtungi hivi hivi, nilitaka kumwambia,
na mle mtungini mlikuwa na kata nyingine,
ya kifuu, yenye mpini, ya kuchotea maji,
lakini taa za basi zilishatokea barabarani
na mikono yake yote miwili ilikuwa juu.