Hesabu ya Agosti

Fremu ni ya chuma, nusu mita kila upande.
Naizamisha, nachutama ndani ya Minho,
Ureno mgongoni, Uhispania usoni.
Mto umekonda; maji hayapiti magoti.

Mia nne na kumi na mbili.
Mia tano na moja.
Wadogo kama ukucha, rangi ya haradali.
Kila mmoja hana mume, hana mke,
ni baba na mama wa uzao wake.
Mpe ndoo ya chambo, mpe unyayo wa buti,
mpe tope chini ya boti ya kukodi,
kesho kutwa ana ukoo.
Hakuna aliyemsikia akibisha hodi.

Baba, Abílio wa mitego, alidhani ni baraka:
"Tazama maji yalivyotakata, Deolinda!"
Kweli yalitakata,
kama sahani iliyolambwa.

Kome wetu weusi, wanaokua polepole kuliko mialoni,
niliwatafuta msimu mzima. Wawili.
Mmoja alikuwa gamba lililojaa mchanga.

Mwaka jana joto likakaa wiki tatu.
Wageni wakafa kwa pamoja, vinywa wazi,
uvundo ukafunga madirisha ya Valença,
na watu mkahawani wakasema, afadhali.
Afadhali gani? Maiti zinaoza, zinamaliza pumzi ya mto.
Kome wangu mweusi, yule mzima,
akaenda nao.

Mia tano na mbili. Mia tano na tatu.

Leo kapita hujaji mmoja, Ok-bun, mama wa Kikorea,
kombe la safari likining'inia kwenye shanta,
malengelenge yamemvua viatu.
Akatia mkono ndani ya fremu yangu,
akamtoa mmoja, akacheka peke yake.
Kwa ishara, na kwa simu yenye ufa, akanieleza:
kwao hawa ni supu ya alfajiri,
mamake aliwavuna kwa reki, mto ukiwa na ukungu.
Kisha akatanua mikono: zamani, hivi.
Akabana vidole viwili: sasa, hivi.

Akamrudisha majini taratibu,
kama anayelaza mtoto asiye wake.
Sikusema neno.

Nikasubiri apande njia, apotee nyuma ya mierebi.
Nikazamisha mkono palepale.

Mia tano na nne.