Mlio wa Kiti

Aili Rautio ameuza banjo.
Kamuuzia mwalimu wa hesabu wa Ishpeming,
dola mia nne na trela zima la kuni kavu,
na hakulia. Mimi ndiye niliyeshika mlango,
baridi ikiingia, banjo ikitoka.

Miaka tisa nilimpigia besi,
ile kubwa ya kusimama, yenye nyonga za shangazi.
Tulilala kwenye gari lililonuka soksi na kahawa,
tukapiga makanisani, baa, harusi za wachimba chuma,
yeye na nyuzi zake tano, mimi na zangu nne:
jumla tisa,
kila mwaka na uzi wake.

Kisha akashuka chini ya nyumba ya mama yake,
chumba cha tangi la maji moto,
na kinanda cha umeme alichouziwa na mjane mmoja
ambaye hakutaka tena kukiona kikikaa kimya sebuleni.
Majira yote ya theluji hakupanda.
Ukipita barabarani uliona kidirisha, kipana kama bahasha,
kikiwaka buluu,
kikizima,
kikiwaka.

Watu wakasema. Februari watu hawana kazi nyingine.
Kajiuza, wakasema.
Kwa nani? Mbona petroli bado anakopa kwangu?
Toivo wa duka la misumari akasema mashine haitoki jasho,
na kisichotoka jasho hakiimbi.
Mdomoni nilimtetea. Moyoni, saa kumi alfajiri,
nikisukuma theluji ya manispaa na lile jembe la chuma,
nilisema: mwiba wa kujichoma, usitafute pole.

Aprili, barafu ya ziwa ikipasuka usiku kama sahani,
alituita ukumbi wa Wafini.
Tulikuja na makoti yetu na masikio yetu ya zamani.
Akasimama nyuma ya meza ya nyaya,
taa mbili, glasi ya maji.
Zamani aliimba mishipa ya shingo ikimsimama.
Sasa aliimba karibu, chini kwa chini,
kama mtu anayemwambia mtoto jambo
baada ya mtoto kwisha lala.
Mzee mmoja aliyengoja wimbo wa mgodi
akatafuta kofia yake, akaondoka.

Nami ningeondoka. Ila ule mdundo.
Kri, tu. Kri, tu.
Nikaujua kabla sijajua kwamba naujua,
kama harufu ya kabati la nyumbani.
Kiti changu! Kiti cha jikoni,
kilichotuharibia rekodi ya kwanza mara tatu,
tukakitukana kwa Kifini na kwa Kiingereza,
mimi nikiyumba juu yake bila kujua kuwa nayumba.
Alikuwa amekihifadhi.
Amekipunguza mwendo, amekiosha,
amekiweka chini ya wimbo mahali pa moyo.
Na chini yake zaidi, noti moja nzito,
noti yangu, ya ule uzi mnene,
imevutwa dakika nne nzima,
haina kidole, haichoki.

Ukumbi ulipotoka nilikwenda kumsaidia kubeba.
Hakukuwa na cha kubeba. Kila kitu mkoba mmoja, begani kwake.
Mikono yangu ikabaki kama ya mgeni msibani.
Umesikia? akauliza.
Nikasema: kile kiti nilikikaza msumari mwaka juzi.
Hakilii tena.
Akanitazama kidogo.
Basi, akasema, ninao mimi.

Nilifika nyumbani usiku wa manane, nikakikalia.
Nikayumba mbele, nyuma.
Kimya, kiti cha watu wenye adabu.
Nikachukua bisibisi.
Nikairudisha.
Friji ikaanza kuunguruma kwa sauti moja, ndefu,
na kwa mara ya kwanza
sikuinuka kuipiga teke.